Watoto wawili nyumba moja, kila mmoja na Uislamu wake. Wenzangu mlioko Uingereza mnafanyaje?

Mama_wa_Wawili (Leicester):

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nauliza kwa wale mnaoishi Uingereza au mliolea watoto huku, maana nikiwapigia wa nyumbani wananambia muombee dua tu, na dua naomba wallahi kila usiku, lakini nataka na kuelewa.

Tupo Leicester mwaka wa 17 huu. Mie kwetu Makunduchi, mume wangu mtu wa mjini Unguja. Tuna kijana wa miaka 19 anasoma yuni Birmingham na binti wa 16 bado yuko skuli. Wote wawili nimewapeleka chuoni kusoma Qurani tangu wana miaka mitano, kila siku wakitoka skuli, saa kumi na moja mpaka saa moja, mvua, baridi, Disemba giza linaingia saa kumi jioni, mie natoka kazini na yunifomu ya kea, kazi ya kutunza wazee, bado iko mwilini naenda kuwachukua. Kwa hiyo mtu asinambie sikuwalea kwenye dini.

Sasa kijana tangu aende huko Birmingham amebadilika. Mwanzo nilifurahi, anaamka alfajiri mwenyewe, ameacha muziki, suruali kapandisha juu ya kifundo, nikasema alhamdulillah mwanangu kashika dini. Halafu yakaanza mengine. Uradi ni bidaa, yaani uzushi kwenye dini. Hitma ya babu yake haina dalili. Qunuti anayosoma baba yake kwenye swala ya alfajiri haina asli. Mfungo sita tulisoma maulidi nyumbani, Barzanji kama kawaida yetu, tumewaita Wazanzibari wa hapa na wa Coventry, udi umefukizwa, nimepika biriani tangu asubuhi. Ilipofika kiyamu watu wote wakasimama na yeye akabaki amekaa. Wazee wamesimama wanamswalia Mtume, mwanangu kakaa chini anaangalia zulia. Nilimuona baba yake uso ulivyobadilika. Wageni walipoondoka wakagombana mpaka saa saba usiku na tangu siku hiyo hawazungumzi vizuri, wanasalimiana tu.

Binti yeye hagombani na mtu. Binti amenyamaza. Msala wake umekunjwa vilevile wiki ya tatu sasa, mie mama nauona. Lakini Ramadhani alifunga mwezi mzima, siku za mitihani pia, na usiku wa 27 alinisubiri na kanzu keshavaa twende tarawehe. Nilipomuuliza kuhusu swala akanambia mama mimi ni Muislamu, naomba nisiulizwe kila siku. Alisema kwa adabu, hakupandisha sauti hata kidogo, na ndo kilichoniumiza zaidi.

Na mazingira yenyewe hayasaidii. Msikiti ulio karibu na kwetu ni wa Wahindi wa Gujarat, watu wazuri sana na walitupokea vizuri, lakini wao ni madhehebu ya Hanafi na sisi ni Shafii. Alasiri yao siku za joto inapita yetu kwa zaidi ya saa nzima, mume wangu anaswali nyumbani kwanza. Isha ndo usiseme, mwezi wa sita msikiti mmoja wanaswali saa tano kasorobo, mwingine karibu na saa sita, mwingine wanachanganya na magharibi. Idi mwaka 2023 nusu ya mtaa waliswali Ijumaa tarehe 21 Aprili na nusu Jumamosi tarehe 22, jirani yangu ukuta kwa ukuta amefunga na mie nampelekea biriani ya Idi. Watoto wanauliza mama nani yuko sahihi, na jibu langu miaka yote lilikuwa "sisi ndivyo tulivyokuta". Nafikiri jibu hilo sasa limeisha nguvu.

Wenzangu yamewakuta haya? Kijana nimwache au nimkatalie? Na binti je?

---

Msafiri_Brum:

Wa aleikum salaam dada. Pole sana. Mimi ni mtu wa Mombasa, Birmingham nina miaka 24, na kwangu kulipita jambo kama hilohilo la kijana wako kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza hii misikiti ya huku tuielewe imetoka wapi. Sisi pwani tumekua na msikiti wa mtaa, wote Shafii, imamu ni mtu unayemjua na babu yake. Huku kila watu walikuja na Uislamu wa kijijini kwao. Watu wa Mirpur Kashmir walikuja wengi miaka ya 60, lile bwawa la Mangla lilipojengwa mji wao wa zamani ukazama na watu zaidi ya laki moja wakahamishwa, wengine wakaishia hapa kwenye viwanda. Hao wengi wao ni Barelwi, kundi la Masuni wa huko Bara Hindi, na dada yangu hao kwa maulidi wanatushinda sisi, mfungo sita wanatoka barabarani na bendera za kijani, wanasoma qasida mpaka usiku. Halafu kuna Wahindi wa Gujarat kama hao wa Leicester, wengi wanafuata mashehe wa Deoband, chuo kilichoanzishwa India mwaka 1866, na Jamaati Tabligh wametokea humohumo, makao yao ya Ulaya yako Dewsbury. Kuna Wabangali wa Sylhet mashariki ya London. Kuna Wasomali, Wayemeni, Waturuki, na siku hizi Waarabu wa Syria na Wasudani. Kila kundi likakodi nyumba, likaswali sebuleni, mwisho likanunua jengo. Pale Brick Lane London kuna msikiti jengo lake limejengwa mwaka 1743 na Wakristo wa Kifaransa waliokimbia kwao, baadae likawa kanisa la Methodist, mwaka 1898 likawa sinagogi, na mwaka 1976 likawa msikiti. Nilipelekwa pale na mfanyakazi mwenzangu Mbangali, nikasimama nje muda mrefu naangalia lile jengo.

Sasa hapa hakuna mufti. Nyumbani ukibisha kuhusu mwezi unabisha lakini mwisho Kadhi Mkuu ametangaza au BAKWATA wametangaza, kuna mahali neno linafika. Huku kuna mabaraza ya kuunganisha misikiti, kubwa lilianzishwa 1997, lakini halina mamlaka ya kumwambia imamu wa mtaa leo swali na kesho fungua. Mmoja anafuata Saudia, mwingine anasubiri uonekane hapahapa au Morocco. Na Isha hiyo unayosema siyo watu kupenda ubishi, kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka mwisho wa mwezi wa saba huko Leicester giza kamili haliingii usiku kucha, ile dalili ya Isha iliyoandikwa vitabuni haitokei, kwa hiyo maulamaa wanakadiria na kila mmoja ana hesabu yake. Mweleze binti yako hivyo, hii ni fiqhi halali kabisa na inasomeka.

Ya kijana sasa. Mtoto aliyekua huku anasoma skuli anaambiwa kila siku toa ushahidi, andika sababu zako. Anakuja msikitini hotuba ya Kiurdu saa nzima na Kiarabu dakika tano, haelewi kitu. Akiuliza anaambiwa ndivyo tunavyofanya. Halafu anafika yuni anakutana na vijana wenzake, mmoja Msomali mmoja Mjamaika aliyesilimu mmoja Mpakistani, wanazungumza Kiingereza, darsa ni la Kiingereza, na kila kitu kina aya na hadithi na namba ya hadithi. Hakuna anayemuuliza kabila lake. Mara ya kwanza maishani anahisi dini ni yake na hajaiazima kwa baba. Mimi siko upande wa masalafi, hao wanaokataa maulidi na hitma, na kuna mengi siyapendi, hasa hii haraka ya kumhukumu mzee aliyeswali miaka 50, lakini ile kiu aliyonayo mwanao ni ya kweli usiidharau.

Wangu alianza akiwa na 20. Alikataa kula chakula cha hitma ya mama yangu, bibi yake mzazi, na mimi nikamfukuza nyumbani kwa maneno, nikamwambia nenda kwa hao mashehe wako. Alikaa miezi mitano hajaja. Hiyo miezi mitano mpaka leo naijutia, kwa sababu mambo makali zaidi aliyafundishwa katika miezi hiyo ambayo mimi sikuwepo. Sasa ana miaka 31 ana mke na mtoto. Maulidi bado haji. Ila jioni yake anakuja, anakula wali na anaosha masufuria yote na tunakaa. Mimi nimeacha kumuuliza kwanini hakuja asubuhi.

---

PwaniTanga:

Mrudisheni nyumbani huyo kijana mwaka mmoja akae na babu zake atanyooka. Hayo ndo matunda ya Ulaya, mnaenda kutafuta paundi mnapoteza watoto. Na binti ndo msimwache kabisa.

---

Msafiri_Brum:

Ndugu yangu PwaniTanga kwa heshima, Tanga hiyohiyo Answari Sunna, hao masalafi wa kwetu, wamekuwepo miaka na miaka, na familia zimegawanyika kwa maulidi na hitma bila mtu kupanda ndege. Hili siyo la Ulaya peke yake.

---

PwaniTanga:

Hapo sibishi, hata kwetu mjomba na baba hawakuzikana vizuri kwa sababu ya talakini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini. Lakini nyumbani kuna wazee wa kusuluhisha. Huko mko peke yenu.

---

BintiBarawa (London):

Salaam aleikum mama. Naomba niandike upande wa binti yako kwa sababu nimeona wote mmemjibu kuhusu kijana na yeye amepitwa, na samahani Kiswahili changu ni cha nyumbani, sisi tunazungumza Chimwiini, Kiswahili cha Barawa, na Kiswahili cha kawaida nimejifunza kwa majirani wa Mombasa.

Nina miaka 26, nimezaliwa hapa London, wazee wangu Wabarawa wa Somalia walikuja baada ya vita vya 1991. Utoto wangu wote ulikuwa senta yetu ya Muswell Hill, Qurani pale, harusi pale, kazi za skuli tulifundishwa pale. Mwezi wa sita 2013 ikachomwa moto usiku. Nilikuwa bado mtoto wa sekondari, asubuhi tukaenda kuona ni kuta na maji meusi yanatoka mlangoni. Ramadhani ilikuwa karibu hatuna pa kuswali, na waliotufungulia milango ni sinagogi moja la Finchley, tukafuturu na kuswali tarawehe pale kwa Mayahudi, kina mama zetu na mabaibui yao wanapanga sambusa kwenye meza za sinagogi. Mimi nakwambia hii mama kwa sababu watu wanadhani mtoto wa huku anapoteza dini akichanganyika. Mimi sijawahi kuhisi Muislamu kama Ramadhani ile.

Dini yangu ilikuja kulegea baadae, wala hakuna kafiri aliyenipoteza. Nilipofika yuni msikiti wa karibu haukuwa na sehemu ya wanawake. Nilikwenda mara mbili nikarudishwa mlangoni kwa adabu, sista hakuna nafasi. Nikawa naswali kwenye ngazi za dharura za maktaba, halafu nikachoka, nikaacha adhuhuri, nikaacha alasiri, mwisho nikaacha zote karibu mwaka. Nilifunga lakini. Nilikuwa siwezi kula nguruwe hata kwa bahati mbaya naosha mdomo mara kumi. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursiy kila nikipanda ndege ya kwenda kwa shangazi Uholanzi. Sikuwahi siku hata moja kusema moyoni mimi siyo Muislamu. Ila mama yangu angeniuliza "umeswali?" ningesema ndiyo, na kila nikisema uongo ule ilikuwa vigumu zaidi kurudi. Kwa hiyo huyo binti yako aliyekwambia ukweli, naomba usiulize, mimi ningetoa pesa kuwa na ujasiri wake wakati ule.

Kuna wenzangu walioacha kabisa, na wapo wanaosema hadharani, wana hata jumuiya yao hapa tangu 2007. Kuna wenzangu wamevaa niqabu na mama zao hawavai hata mtandio nyumbani. Kuna anayeswali tano na anaishi na mambo mengine ambayo siyataji. Sensa ya 2021 ilisema Waislamu wa England na Wales ni milioni 3.9, asilimia 6.5, mwaka 2001 swali la dini lilipoanza kuulizwa walikuwa milioni moja na nusu, na umri wa kati wa Waislamu ni miaka 27 wakati wa watu wote ni 40. Yaani tulio wengi ni vijana, na ile fomu inauliza dini yako ni ipi basi, ukitia alama umemaliza. Haijui nani anaswali alfajiri na nani anaswali Idi mpaka Idi. Wapo hata Waalevi, watu wa imani yao kutoka Uturuki, kama elfu 26 ambao hawakutaka kuwekwa chini ya Waislamu wala dini nyingine, wakaandika wenyewe Alevi.

Na jambo moja watu wazima hamlioni, dini ya vijana wa huku mara nyingi inapimwa kwenye vitu ambavyo nyinyi hamkupimwa navyo. Ada ya yuni ilipanda 2012 ikafika paundi elfu tisa kwa mwaka na mkopo wa serikali una riba. Kaka yangu alikataa, alisema sianzi maisha kwa riba, akafanya kazi ghala miaka mitatu anapakia maboksi usiku akiweka akiba. Mimi nilichukua, nikaambiwa na shehe mmoja ni dharura na mwingine ni haramu wazi. Bunge lilipitisha sheria 2017 kuruhusu serikali ilete utaratibu usio na riba, miaka ikaenda tunasubiri. Nilisaini ule mkopo nalia. Na mwaka ule ndo nilikuwa siswali hata moja. Sasa niambie mama mimi nilikuwa na dini au sina?

Siku hizi naswali, mara nyingine tano mara nyingine tatu. Mamangu hajui. Usihesabu msala wa binti yako tafadhali. Kaa naye tu.

---

Mwana_Kariakoo:

Salaam aleikum wote. Mie mzee hapa, nimezaliwa Dar es Salaam, Mhindi wa Khoja, Shia Ithnaasheri, najua nyinyi wengi ni Suni lakini Kiswahili ni chetu sote na Kariakoo nimecheza mpira na Suni miguu mitupu kwa hiyo nikaribisheni.

Sisi tulikuja kwa mafungu. Waliotoka Unguja baada ya 1964, sisi wa bara baada ya majumba kutaifishwa 1971, na wa Uganda mwaka 1972 Amin alipofukuza Wahindi, karibu watu 28,000 walifika hapa, na Leicester hiyo ya mama kaunsili yao ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia msije kwetu kumejaa. Wakaja hivyohivyo. Sasa tuna imambara kubwa, jumba letu la majilisi, Stanmore. Ndugu zetu Maismaili wana jamatkhana, nyumba yao ya ibada, South Kensington tangu 1985, jengo zuri sana.

Sasa binti Barawa umenigusa. Majilisi za Muharram, vikao vyetu vya kumlilia Imam Hussein, miaka ile zilikuwa Kigujarati na Kiurdu tu. Wajukuu wanakuja, wanakaa nyuma na simu, wakisikia watu wazima wanalia na wao wanainamisha kichwa hawajui kilichosemwa. Tukabishana miaka mingi kwenye kamati, wazee wakasema Kiingereza hakina machozi, na mimi nilikuwa mmoja wao nakiri. Mwisho tukaweka majilisi ya Kiingereza chumba cha pembeni. Sasa chumba cha pembeni ndo kinajaa. Mjukuu wangu aliniambia babu leo nimejua Abul Fadhl Abbas, ndugu yake Imam Hussein, alikwenda kuteka maji kwa ajili ya watoto, nikamwambia kwani hukujua, una miaka 15 umekaa majilisi zote hizi? Akasema hapana, nilikuwa najua tu kwamba tunalia.

Na mwezi mwanangu usidhani ni nyinyi peke yenu. Nyumbani kwangu mimi kwenye hukumu za dini namfuata mwanachuoni Sayyid Sistani, mwezi uonekane kwa macho. Mkwe wangu anamfuata mwanachuoni mwingine, Sayyid Khamenei, darubini inatosha. Kuna mwaka yeye anakula Idi mimi nimefunga, meza moja. Mke wangu alipika mara mbili, hakuna aliyekufa.

Kijana wako aliyekaa kwenye kiyamu mimi sifurahii, kumsimamia Mtume ni mapenzi. Lakini nina swali, baba yake alishawahi kumweleza kwanini tunasimama? Mimi hakuna aliyenieleza, nilivutwa kanzu nikasimama.

---

Mama_wa_Wawili:

Nimesoma zote, nyengine mara tatu. Mwenyezi Mungu awalipe. Sijarudi mapema kwa sababu nilitaka kwanza nifanye kitu.

Mzee wa Kariakoo swali lako nililipeleka kwa mume wangu kama lilivyo. Alikaa kimya. Jumapili akampigia kijana simu, akamwambia njoo na kitabu chako hicho cha hadithi na mie nna changu. Kijana akaja na gari moshi la saa nne. Walikaa sebuleni tangu adhuhuri, mie niko jikoni masikio yako huko. Walianza na qunuti. Mume wangu akatoa kitabu cha fiqhi alichosomea Unguja kwa shehe wake, karatasi zimegeuka rangi ya chai, akamuonyesha haya si mambo ya kizee, hii ni madhehebu ya Imam Shafii na hadithi wanayoitegemea ni hii. Kijana akasema baba hiyo hadithi wengine wanasema dhaifu. Baba yake akasema najua, na mashehe wetu wanajua wanasema hivyo na wana majibu, wewe ulidhani hatujui? Kijana akanyamaza kidogo, halafu akasema "sikujua kama sisi tuna madhehebu. Nilidhani ni mambo ya Zanzibar tu."

Wallahi nilikaa kwenye kiti. Miaka 19. Tumempeleka chuoni miaka kumi kahifadhi juzuu, hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni Shafii na Shafii ni nini, na chuo chenyewe kilikuwa cha Hanafi, angejulia wapi.

Maulidi hawakukubaliana. Kijana bado anasema hatosimama. Baba yake amemwambia basi siku hiyo ukae jikoni umsaidie mama yako, usikae mbele ya wazee wangu, na kijana kasema sawa. Alasiri waliswali pamoja, kijana akamtanguliza baba yake.

Binti nilimchukua kwenye gari, tulikwenda kununua mihogo kwa yule mtu wa Ghana, maana nyumbani hatuzungumzi. Sikumuuliza swala. Nilimwambia tu kuna dada mmoja kasema mambo yaliyonigusa, nikamsimulia ule moto na sinagogi. Alisikiliza. Tunarudi yeye ndo akaniuliza, mama wewe ulianza lini kuswali bila ya kuambiwa? Nikataka kumjibu tangu mdogo. Halafu nikamwambia kweli. Nilianza hapa Leicester, nina miaka 28, zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, bibi mmoja Mwingereza alikuwa anakata roho hana mtu, nikamshika mkono mpaka alfajiri, halafu nikaenda kwenye chumba cha kufulia nikaswali na ndo mara ya kwanza nilijua nasema nini. Makunduchi nilikuwa naswali kwa sababu bibi yangu anapita na fimbo.

Akasema "hukuwahi kunambia." Nikamwambia hukuwahi kuniuliza, na mie sikuwahi kukupa nafasi. Basi tukafika tukatoa mihogo.

Msala wake sijautazama, nimejizuia. Binti Barawa, anauliza kama anaweza kukuandikia, nikimpa jina lako la humu utamjibu?

---

BintiBarawa (London):

Mpe mama. Leo hii mpe.

---

Mwana_Kariakoo:

Mihogo ya yule Mghana ni mizuri kweli au migumu? Huku Harrow wanatuuzia kuni.

---

Mama_wa_Wawili:

Mizuri mzee, inaiva upesi, tui la nazi natumia la kopo. Ukipita Leicester utakaribishwa. Naingia zamu sasa, ntarudi Ijumaa inshallah kuwajibu wengine.